Kisu hukata tumbo, njaa hubadilika kichwani

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa inaelekea ukingoni, vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri zao walijitolea kushindishwa njaa. Mtafiti Ancel Keys aliwaweka chini ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na kwa wiki 24 za mwaka 1945 akawalisha takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitakiwa kutembea zaidi ya kilomita 30 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mbavu kuchomoza hakukumshangaza mtu. La kushangaza lilikuwa vichwani mwao. Vijana waliokuja wakipenda kujadili siasa na dini waliishia kuzungumzia chakula tu. Walilamba sahani, wakatafuna bazoka mchana kutwa, wakakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Hamu ya wanawake iliwaishia, hasira zikawa karibu. Na waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula wakipitiliza, miili ikajaza mafuta mengi kuliko yaliyokuwapo mwanzoni.

Sasa mtazame mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Katika miezi ya kwanza hula chini ya kalori 1,000 kwa siku, yaani pungufu kuliko walivyolishwa vijana wa Minnesota, na uzito wake huporomoka kwa kasi kama yao au zaidi. Tungetarajia naye awe anaota pilau. Madaktari wanaowafuatilia wagonjwa hawa hukutana na kinyume chake: wengi husema wanasahau kula, wanakumbushwa na saa, na kwamba chakula kilichokuwa kinawatoa kitandani usiku hakiwaiti tena. Mwili umenyimwa, lakini ubongo haupigi kelele. Ninadai kwamba kimya hicho ndicho kiini cha tiba hii. Kisu kinapita tumboni, ila kinachoponya, na kinacholeta madhara yake mapya, ni mabadiliko ya namna ubongo unavyokipokea chakula. Tukilikubali hilo, itatubidi tubadilishe mengi tunayosema kuhusu watu wanene, na pia tunayowaambia kabla hawajalala kwenye kitanda cha upasuaji.

Maelezo tuliyozoea ni ya fundi bomba, na kwa kweli hata walioubuni upasuaji huu walianzia hapo. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alijua kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukonda na hushindwa kunenepa. Mwaka 1966 akaanza kuwafanyia watu wanene jambo linalofanana na hilo kwa makusudi. Katika upasuaji wa mchepuko unaofanywa leo, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa iwe kijifuko cha mililita 30 hivi, chini ya ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba kwa chini, hivyo chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo. Upo upasuaji wa pili, ambao siku hizi hufanywa zaidi: mfuko hukatwa kwa urefu, robo tatu au zaidi hutolewa nje, hubaki bomba jembamba. Wa tatu ni mkanda unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko ili kuubana, na huu umeachwa na madaktari wengi. Kwa hesabu ya fundi bomba yote matatu ni jambo moja: chombo kimekuwa kidogo, mtu anashiba upesi, basi anakonda.

Hesabu hiyo ingekuwa sahihi, mkanda ungekaribiana na mchepuko. Haukaribiani. Utafiti mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji pamoja na 2,037 ambao hawakufanyiwa, ulikuta kwamba baada ya miaka 10 waliopitia mchepuko walikuwa bado wamepungua asilimia 25 ya uzito wao wa awali, na wa mkanda asilimia 14. Nchini Marekani, ufuatiliaji wa miaka saba ulitoa picha ileile: asilimia 28 kwa 15 hivi. Mkanda unabana kwelikweli, na mwenye nao husongwa na nyama au mkate mkavu, lakini hamu yake haijaguswa. Aiskrimu na soda hupita bila kizuizi.

Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka kwa panya. Watafiti wa Cincinnati waliwakata panya wanene mfuko wa chakula, wakakonda na kutulia katika uzito mpya. Kisha wakanyimwa chakula hadi wakashuka chini ya uzito huo. Waliporudishiwa chakula walikula zaidi, wakapanda hadi ule uzito mpya, wakaishia hapo. Ina maana vile vifuko vyao vidogo vingeweza kupokea chakula kingi kuliko walichokuwa wanakula kila siku. Nafasi ilikuwapo na hawakuitaka. Mwili unalinda kiwango fulani cha mafuta, na mlinzi yuko kichwani, katika kisehemu kidogo chini ya ubongo kiitwacho hipothalamasi. Kwa mtu aliyejinyima, mlinzi huyo anaona upungufu na kupiga king'ora. Kwa aliyepasuliwa, kiwango chenyewe kimeshushwa, kwa hiyo haoni upungufu.

Nani aliyekishusha? Tangu mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipogundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo, tumejua kwamba njaa inaendeshwa na mazungumzo ya kemikali. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wakaongeza ghrelini, inayotoka hasa kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuchochea njaa. Anayepunguza uzito kwa kujinyima hupandwa na ghrelini. Watafiti wa Melbourne waliwafuata watu 50 waliokonda kwa mlo mkali wa wiki 10, na mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado zinawaambia wale. Upasuaji wa kukata mfuko huondoa sehemu ile inayotengeneza ghrelini kwa wingi, na kiwango chake hushuka. Kwa mchepuko matokeo ya ghrelini hayalingani kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, lakini lipo jingine ambalo hujirudia karibu kila linapopimwa: chakula kinapofika mapema na kwa kasi sehemu ya chini ya utumbo, chembe za huko humwaga homoni za kushibisha, GLP-1 na PYY, mara kadhaa zaidi ya kawaida. Asidi za nyongo nazo hubadilika. Panya wadogo wa maabara walioondolewa kipokezi kimoja cha asidi hizo, kiitwacho FXR, walifanyiwa upasuaji wa kukatwa mfuko na haukuwasaidia kama ulivyowasaidia wenzao. Mfuko wao ulikuwa mdogo vilevile. Ujumbe ndio haukufika.

Kwa binadamu, jaribio zuri zaidi ni la Carel le Roux, daktari aliyesomea Pretoria, alilolifanya London na wenzake mwaka 2007. Waliwachoma wagonjwa sindano ya oktriotaidi, dawa inayozuia utumbo kutoa homoni zake. Wa mchepuko wakala zaidi siku hiyohiyo. Wa mkanda hawakuongeza. Hakuna mshono uliofumuliwa wala kijifuko kilichopanuliwa, ila ujumbe wa kushiba ulikatwa kwa saa chache na hamu ikarejea.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema: sawa, njaa imepungua, lakini utamu ni jambo jingine. Nani asiyejua kuwa mtu huweza kushiba wali wake na bado akapata nafasi ya keki? Watafiti waliligeukia hilo pia. Mjini London kundi la Alexander Miras liliwakalisha wagonjwa mbele ya kompyuta na kuwapa kazi ya kuchosha: kubonyeza kipanya mara kadhaa ili kupata kidonge kimoja cha chokoleti. Cha pili kinadai mibonyezo mingi zaidi, cha tatu mingi kuliko cha pili, na bei inazidi kupanda hadi mhusika aseme basi. Haulizwi kama anapenda chokoleti. Kidole chake ndicho kinachojibu. Baada ya mchepuko, wagonjwa walikubali kufanya takriban nusu ya kazi waliyoifanya kabla ya upasuaji. Watu wa uzito wa kawaida waliorudia jaribio hawakubadilika, na malipo yalipokuwa mboga badala ya chokoleti, bidii ya wagonjwa haikushuka. Mtu ambaye tumbo lake tu limepunguzwa angepunguza vyote viwili. Hapa kilichoporomoka ni thamani ya sukari na mafuta.

Mashine za MRI zinazopiga picha za ubongo ukiwa kazini zinaeleza habari inayofanana. Wanawake 10 mjini New York waliopimwa kabla ya mchepuko na mwezi mmoja baadaye walionyesha mwitikio mdogo zaidi kwa vyakula vizito, hasa katika njia za ubongo zinazohusika na tuzo na tamaa. Mwaka 2014 kundi la Tony Goldstone huko London lililinganisha waliofanyiwa mchepuko na wa mkanda ambao walikuwa na uzito unaokaribiana. Wakiwa ndani ya mashine walionyeshwa picha za vyakula. Ubongo wa mgonjwa wa mchepuko ulisisimka kwa kiwango cha chini zaidi mbele ya chipsi na keki, naye alivipa vyakula hivyo alama za chini na alikula mafuta machache katika maisha yake ya kila siku. Kwa kuwa uzito ulikaribiana, tofauti haiwezi kuelezwa kwa kukonda peke yake. Kundi hilo baadaye lilirudia sindano ya oktriotaidi, na homoni zilipozuiwa wagonjwa wa mchepuko wakawa tayari kufanya kazi zaidi kupata kitamu.

Mwenye shaka atauliza juu ya ubora wa ushahidi huu, na ana haki. Tafiti za picha za ubongo ni ndogo, mara nyingi watu 10 au 20, na mashine hizi zina sifa ya kutoa rangi za kupendeza ambazo mtafiti mwingine hazioni. Mfano ulio wazi ni dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hamu na tuzo. Mwaka 2010 makundi mawili ya Marekani yalipima vipokezi vyake kabla na baada ya upasuaji, kila moja kwa wanawake watano. Moja likakuta vipokezi vinavyoonekana vimeongezeka. Jingine likakuta vimepungua. Anayekuambia leo kwamba upasuaji "unaongeza dopamini" anakuuzia hadithi. Mimi sitegemei picha hizo peke yake. Nategemea zinavyolingana na kidole kinachobonyeza kipanya, na sindano inayorudisha hamu, na panya anayekataa kujaza nafasi aliyo nayo. Ushahidi wa aina nne ukielekea upande mmoja, udhaifu wa aina moja hauuangushi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wagonjwa wa mchepuko wakila sukari nyingi hupatwa na shida: chakula kinamwagika haraka kwenye utumbo, jasho linatoka, moyo unadunda, kichwa kinazunguka, wengine hulazimika kulala chini. Huenda basi wamejifunza kuogopa keki kwa uchungu tu, na hakuna lolote la ajabu. Ni kweli kwamba katika utafiti ule wa kundi la Goldstone wagonjwa wa mchepuko walikuwa na dalili hizo zaidi, na sioni sababu ya kukataa kwamba zina mchango. Ila kujifunza kunafanyika wapi kama si katika ubongo? Isitoshe, hofu ya keki haielezi kwa nini mtu anasahau chakula cha mchana kisicho na sukari. Wala haielezi upasuaji wa kukata mfuko, ambako shida hii hutokea kwa wachache zaidi na njaa bado hutulia.

Kisha lipo pingamizi ambalo halitoki maabara bali barazani. Kwamba haya yote ni visingizio: mtu mnene ni mlafi, na aliyekwenda kukatwa tumbo amechukua njia ya mkato. Jamii inayosema hivi ndiyo ileile inayomsifu bibi harusi aliyeongezeka kilo kwamba ndoa imemkubali, na ikamwita mzembe kilo hizo zikizidi. Ningependa wenye hoja hii watazame washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, waliopimwa miaka sita baada ya kushinda miili yao mbele ya kamera. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hakuna anayeweza kusema watu hao hawakuwa na nia. Nia ni kama pumzi mtu anayoizuia akizama majini: ipo, ina nguvu, na ina mwisho. Anayekonda kwa upasuaji hakuongezewa nia hospitalini. Ameondolewa mzigo ambao nia yake ilikuwa inaubeba usiku na mchana, mzigo ambao jirani yake mwembamba huenda hakuwahi kutwishwa. Na kuhusu kwamba kukatwa ni rahisi: mgonjwa atameza vitamini na madini maisha yake yote, atakula vijiko vichache kwa wakati mmoja harusini huku mwenye shughuli akimlazimisha aongeze, na kuna hatari za upasuaji wenyewe. Mkato gani huo?

Dawa mpya za sindano zimeleta ushahidi ambao wapasuaji wenyewe hawakuutarajia. Semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya unene, inaiga GLP-1, homoni ileile ambayo mchepuko huizidisha. Haipunguzi mfuko wa chakula hata mililita moja. Katika jaribio lake kuu watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, na wengi wanaoitumia husimulia habari ileile ya mawazo ya chakula kunyamaza. Mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilichopungua. Sioni namna nyepesi ya kulieleza hilo kwa lugha ya fundi bomba. Ujumbe ukitumwa, mlinzi anatulia, ukikatika, anaamka. Upasuaji unatofautiana na sindano kwa kuwa hutuma ujumbe wake kila mlo bila mtu kununua dozi, ingawa hata kwake sauti hufifia: baadhi ya uzito hurudi miaka inavyokwenda.

Mambo haya yanatuhusu Afrika Mashariki kwa karibu kuliko zamani. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wana uzito uliozidi au unene. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto tumboni. Puto lina kazi yake, lakini kwa hoja ninayoijenga hapa linasimama karibu na mkanda: linajaza nafasi kwa miezi kadhaa kisha linatolewa, na homoni za utumbo hazijapangwa upya kama kwenye mchepuko. Anayeamua kulipia puto anastahili kuambiwa hivyo, kwa sababu mpango wa baada ya kutolewa ni mgumu kuliko siku ya kuwekewa. Na kwa upande mwingine, hakuna wizara itakayowapasua wananchi wote wanene. Kwa walio wengi, njia iliyobaki ni kupunguza kile kinachoupiga ubongo mchana kutwa, kuanzia soda inayouzwa mlangoni pa shule hadi mafuta ya kukaangia yanayomiminwa bila kipimo. Kusema kwamba unene uko katika ubongo hakumwondolei lawama muuza sukari. Kunamwongezea, kwa kuwa anajua anapogusa.

Bado kuna jambo moja ambalo fundi bomba hawezi kulitabiri, na linapaswa kusemwa mapema kwa mgonjwa. Utafiti wa hospitali kadhaa za Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusu watu 1,945, ulipima matatizo ya ulevi kabla na baada ya upasuaji. Kabla yalikuwa asilimia 7.6. Mwaka wa kwanza hayakupanda. Mwaka wa pili yakafika 9.6, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wa mchepuko kuliko wa mkanda. Sehemu ya sababu ni ya mabomba kweli: pombe hufika kwenye utumbo haraka na damuni hupanda upesi, hivyo bia moja hufanya kazi ya kadhaa. Lakini panya wa mchepuko waliopewa nafasi ya kujidunga pombe moja kwa moja kwenye mshipa, bila kupita tumboni kabisa, nao walijidunga zaidi ya wenzao. Mfumo wa tuzo uliofunga mlango mmoja unaweza kufungua mwingine. Kwa hiyo, kliniki inayofanya upasuaji huu bila kumuuliza mgonjwa habari za pombe haijaelewa inachokifanya. Swali liulizwe kabla ya kisu, na lirudiwe hasa katika mwaka wa pili, pale nguo mpya zimeshashonwa, ndugu wameshamsifu, na mgonjwa ameanza kuona hakuna haja ya kurudi kwa daktari.